Kabla ya Kumlenga Mnyama: Nani Ahakikishe Kuwa Mwindaji Anajua Kupiga?

Tangu Tanzania iruhusu mabucha ya nyamapori kwa kanuni za mwaka 2020, habari za uwindaji zimetoka porini zikaingia mitaani. Anayekuta nyama ya nyati au pofu imetundikwa buchani huuliza bei, huuliza kama imepimwa, na pengine huuliza kama aliyeileta ana leseni. Swali la kama aliyempiga mnyama huyo alikuwa anajua kupiga halimjii. Likizuka, majibu hugongana. Mmoja atasema leseni imetolewa na Serikali, kwa hiyo hakuna la kujadili. Mwingine atasema bunduki za siku hizi zina darubini kali kiasi kwamba hata asiye na mazoezi hakosi. Wa tatu atasema mtalii anayewinda ana mwindaji bingwa pembeni yake, na huyo ndiye dhamana. Wa nne atasema kuua ni kuua tu, na habari za shabaha nzuri ni kujitafutia udhuru.

Kila jibu lina ukweli wake, ndiyo maana ubishi hauishi. Makala hii inazipima hoja hizo kwa kuangalia nchi zilizojaribu njia tofauti, kisha inasema ipi inafaa kwa Tanzania na majirani zake.

Leseni mbili na kitu cha tatu

Watu wanachanganya mambo matatu. La kwanza ni leseni ya silaha. Tanzania, umiliki wa bunduki unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kazi yake kuu ni usalama wa jamii: nani anafaa kukaa na silaha, aihifadhi vipi, asiitumie kudhuru watu. La pili ni leseni ya uwindaji, inayotokana na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 na kusimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA. Hiyo inahusu hesabu: mnyama gani, wangapi, eneo gani, msimu gani. La tatu ni uwezo wa mtu kuipeleka risasi mahali panapoua haraka. Leseni mbili za kwanza zinaweza kuwa halali kabisa mfukoni mwa mtu ambaye hajafyatua hata risasi moja tangu msimu uliopita.

Sheria haikumsahau mnyama. Inakataza kupiga ukiwa ndani ya gari, kuwinda usiku kwa kumulika taa, kuua jike mwenye ndama. Inamtaka aliyejeruhi afanye kila awezalo kumfuata mnyama na kummaliza. Katika uwindaji wa kitalii, mnyama aliyejeruhiwa akapotea hulipiwa kama aliyeuawa. Hizo ni kanuni nzuri, lakini zile zinazogusa maumivu ya jeraha zinaanza kazi risasi ikishatoka. Miezi ya kabla ya msimu, ambayo mwindaji angepaswa kuwa uwanjani akipiga karatasi, imeachwa mikononi mwake mwenyewe.

Wapo wanaojibu kwamba Watanzania wengi wamepita JKT au mgambo, na huko hufundishwa kulenga shabaha. Ni kweli, na msingi huo una thamani. Ila mafunzo ya kijeshi yanataka adui azuiwe asiendelee, na adui aliyejeruhiwa tayari ametoka vitani. Mwindaji hana haki ya kuridhika na jeraha.

Sentimita kumi

Kwa swala pala, eneo la moyo na mapafu ukimtazama ubavuni lina upana wa kati ya sentimita 15 na 20. Risasi ikipita hapo, mnyama hufa ndani ya muda mfupi sana, ingawa anaweza kukimbia makumi ya mita kabla ya kuanguka. Ikienda sentimita kumi nyuma ya hapo inaingia kwenye ini au tumbo. Mnyama huyo naye atakufa, lakini huenda ikamchukua saa nyingi, amejilaza kichakani, na pengine fisi wakamfikia akiwa bado anahema. Ikienda chini inavunja mguu, naye anaweza kuishi siku kadhaa akiburuta kigutu.

Kosa la sentimita kumi halihitaji uzembe mkubwa. Bunduki ambayo ikilazwa juu ya mfuko wa mchanga hukusanya risasi zake ndani ya duara la sentimita 5 kwa mita 100, kwa mita 200 itazitawanya hadi sentimita 10, na kwa mita 300 hadi 15, hata kama mpigaji hatikisiki kabisa. Mtu aliyesimama, anayehema baada ya kutembea juani tangu alfajiri, hutikisika. Ongeza upepo. Ongeza mwendo wa mnyama: risasi iliyotoka mtutuni kwa kasi ya mita 800 kwa sekunde huchukua zaidi kidogo ya robo sekunde kufika mita 200, na swala anayetembea taratibu, mita moja na nusu kwa sekunde, huwa amesogea zaidi ya sentimita 35. Mpigaji alilenga bega, risasi ikakuta tumbo. Hakuna aliyefanya uhuni hapo. Ni mtu tu ambaye hakuwahi kujipima.

Bunduki yenyewe nayo hubadilika. Darubini iliyosafiri kwa ndege, kisha ikatikiswa na Land Cruiser kwenye barabara ya vumbi, inaweza kuhama bila kuonyesha dalili yoyote. Ndiyo maana kambi za uwindaji wa kitalii zina desturi ya kumpeleka mgeni kwanza kwenye shabaha ya karatasi kabla hajaruhusiwa kumkaribia mnyama. Desturi hiyo inasaidia, lakini inapima zaidi bunduki kuliko mtu.

Gharama ya kukosea haiishii kwa mnyama. Risasi ya tumboni humwaga uchafu wa matumbo juu ya nyama, na nyama hiyo huharibika haraka kwenye joto letu. Kwa Waislamu, ambao ni wengi miongoni mwa wawindaji na walaji wa ukanda huu, kuna jambo zito zaidi. Mnyama aliyekimbia na jeraha, akaja kuokotwa amekufa majini au hajulikani amekufa kwa sababu gani, nyama yake huingia shaka. Na mafundisho ya kuchinja yanamtaka mchinjaji anoe kisu chake ili asimtese mnyama. Anayeua kwa mbali hana kisu cha kunoa ila mazoezi yake.

Kisha kuna nyati. Nyati aliyejeruhiwa huingia kichakani, husimama kimya akiangalia alikotoka, na huweza kumgeukia anayemfuata kutoka hatua chache. Mtu wa kwanza kukutana naye mara nyingi si yule aliyefyatua risasi. Jambo hilo tutalirudia.

Wanaosema ni suala la dhamiri

Msimamo wa kwanza unasema mafunzo yatolewe, lakini mazoezi ya kila mwaka yabaki wajibu wa mtu binafsi. Marekani iko karibu na msimamo huu. Jimbo la New York lilianza kuwalazimisha wawindaji wapya kupata mafunzo mwaka 1949, na majimbo mengine yakafuata kwa nyakati zao. Tangu sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937, kodi ya asilimia 11 kwenye bunduki ndefu na risasi huenda kwenye uhifadhi, na baadaye sehemu yake ikaanza kugharimia elimu ya wawindaji na viwanja vya shabaha. Mwaka 2019 Bunge la nchi hiyo liliongeza mchango wa serikali kuu katika kujenga viwanja hivyo. Kwa maneno mengine, mwindaji hurahisishiwa kufanya mazoezi, lakini kwa kawaida hakuna anayemrudisha uwanjani kila mwaka kumpima.

Nguvu ya msimamo huu ni kubwa kuliko wapinzani wake wanavyokubali. Hakuna mkaguzi porini. Katika sekunde ile ya kuvuta au kutovuta kifyatulio, mwindaji yuko peke yake, na kitakachomzuia ni tabia aliyojijengea. Mtihani hauwezi kumpandikizia mtu subira.

Udhaifu wake ni kwamba binadamu ni shahidi mbaya wa uwezo wake mwenyewe. Mwindaji hukumbuka yule kongoni aliyeanguka palepale, na aliyekimbia humsahau au humtafutia sababu. Anayehitaji mazoezi zaidi ndiye asiyejua kwamba anayahitaji. Dhamiri pia hufanya kazi vizuri zaidi mahali ambapo kuna watu wanaokuona. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi huwapa watoto wa kiume upinde wangali wadogo sana, nao hukua wakipiga ndege na wanyama wadogo siku baada ya siku. Mtu akifika umri wa kuwinda wanyama wakubwa, kambi nzima inajua mkono wake ukoje, kwa sababu kambi nzima hula anachokileta. Hapo hakuna haja ya cheti. Mwindaji wa mjini, ambaye bunduki yake hutoka kabatini mara moja kwa mwaka, hana jamii ya namna hiyo nyuma yake. Kumwachia dhamiri tu ni kumwachia mzigo ambao Mhadzabe mwenyewe hakuwahi kuubeba peke yake.

Wanaosema lazima apimwe

Nchi za kaskazini mwa Ulaya zilikata shauri tofauti. Norway humtaka kila anayewinda wanyama wakubwa apimwe kila mwaka: kwanza apige risasi 30 za mazoezi, kisha apige 5 za mtihani kwenye sanamu ya mnyama iliyo umbali wa mita 100, zote 5 ndani ya duara la sentimita 30. Ufini hutoa kibali cha miaka mitatu kwa atakayeweka risasi 4 ndani ya duara la sentimita 23 kwa umbali wa mita 75. Hivi si vipimo vya mabingwa. Mtu wa kawaida mwenye bunduki iliyorekebishwa vizuri na mazoezi ya wiki chache hupita. Ndivyo vilivyokusudiwa: kuwaondoa wasiojiandaa kabisa.

Mfano unaofundisha zaidi ni wa Denmark, na unastahili kuelezwa kwa urefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa huko waliwanasa mabata bukini wa mwituni wakiwa hai na kuwapiga picha za eksirei. Walikuta kwamba karibu asilimia 36 ya ndege waliokomaa walikuwa wamebeba marisau mwilini. Ndege hao walipigwa, hawakufa, na waliendelea kuruka maelfu ya kilomita kati ya Ulaya na visiwa vya Aktiki wakiwa na vyuma ndani ya nyama. Takwimu hiyo iliwashtua wawindaji wenyewe, maana hakuna hata mmoja aliyedhani anajeruhi kiasi hicho. Mwaka 1997 ukaanza mpango wa kitaifa wa kupunguza majeraha: elimu, mazoezi ya kulenga, majaribio ya kupima uwezo, na ushauri mkali kuhusu umbali, kwamba bukini asipigwe akiwa zaidi ya mita 25. Picha za miaka iliyofuata zilionyesha majeraha yamepungua sana.

Fundisho lililomo humo halisemwi mara nyingi. Wawindaji wa Denmark hawakupunguza majeraha kwa sababu tu ghafla wote walikuwa wapigaji hodari wa mbali. Sehemu kubwa ya mafanikio ilitokana na kuacha kupiga mbali. Mazoezi yaliwafundisha mahali uwezo wao unapoishia, na ushauri wa umbali ukawapa sababu ya kuushusha mtutu. Kwangu mimi hilo ndilo jibu la swali la kwa nini mwindaji afanye mazoezi: ajue risasi zipi azikatae.

Mtihani una kasoro zake. Karatasi haipumui wala haigeuki. Mtu anayepiga akiwa amelala kifudifudi kwenye uwanja tulivu anaweza kutetemeka mwili mzima akiona pembe za tandala, na mtihani hautamwonya. Pia kuna hatari tunayoijua wenyewe katika nchi zetu: cheti kinachonunuliwa. Mtihani ambao muhuri wake unapatikana bila kufyatua risasi ni mbaya kuliko kutokuwa na mtihani, kwa sababu unampa asiyejua kupiga uthibitisho rasmi kwamba anajua.

Halafu kuna gharama. Risasi za bunduki kubwa ni ghali na ununuzi wake unadhibitiwa, na viwanja vingi vya shabaha viko chini ya vyombo vya ulinzi. Ukimtaka mkazi wa wilaya ya mbali asafiri hadi makao ya mkoa kupiga risasi tano, baadhi watakata tamaa na leseni. Na jirani ya mwindaji aliyekata tamaa yupo mtega nyaya, ambaye hana leseni, hana msimu, na tanzi lake humkaba mnyama usiku kucha. Hoja hii ni nzito, ila tusiitie chumvi. Anayemudu bunduki ya raifo, leseni na mafuta ya gari si yuleyule anayetega nyaya kwa njaa. Gharama ya mtihani itamsumbua wa kwanza, na wa pili hata hajaomba leseni.

Wanaotegemea chombo

Msimamo huu hauhitaji maelezo marefu. Unasema bunduki kubwa zaidi, darubini bora na kifaa cha kupimia umbali vitaziba pengo la mkono. Sehemu yake ni sahihi: kifaa cha kupimia umbali kimeondoa makosa mengi ya kukisia, na kanuni zinazoweka kiwango cha chini cha ukubwa wa bunduki kwa wanyama hatari, kwa kawaida .375, zimeokoa maisha.

Lakini Afrika Mashariki ina ushahidi wa zamani unaoelekea upande wa pili. W.D.M. Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ndogo ambazo leo haziruhusiwi kwa tembo. Alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi akimtazama mnyama kutoka kila upande, na alijizoeza kulenga bila kukoma. Ule ulikuwa uchinjaji kwa ajili ya pembe na sioni fahari ndani yake. Unachothibitisha ni kwamba kinachoua haraka ni mahali risasi inapoingia. Bunduki kubwa mikononi mwa asiyeizoea huleta tatizo jipya: anaogopa teke lake, anafumba macho, anakivuta kifyatulio kwa kushtuka, na risasi nzito inakwenda kuvunja taya. Darubini kali nayo humshawishi mtu kujaribu mita 400 kwa sababu tu anamwona mnyama vizuri. Boone and Crockett, klabu kongwe ya wawindaji ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1887, imetangaza waziwazi kutokubaliana na mtindo wa kuwapiga wanyama kutoka mbali kupita kiasi. Wanaosema hivyo ni wapenzi wa uwindaji wenyewe.

Upande wa pili wa chombo kuna gobole. Silaha ya kienyeji inayoshindiliwa baruti na vipande vya chuma haina namna ya kuwa sahihi, hata mwenye nayo akifanya mazoezi maisha yake yote. Mjadala wa shabaha unaolisahau gobole unawazungumzia matajiri peke yao.

Wanaomtegemea mwindaji bingwa

Huu ndio utaratibu wa uwindaji wa kitalii Tanzania. Mgeni haruhusiwi kuwinda peke yake. Huongozwa na mwindaji bingwa aliyefanya mtihani na kupata leseni, mwenye bunduki nzito tayari begani. Utaratibu huu una mizizi mirefu: chama cha wawindaji bingwa wa Afrika Mashariki kiliundwa Nairobi mwaka 1934, na kati ya maadili yake lilikuwamo lile la kutomwacha mnyama aliyejeruhiwa. Kwa upande wa ustadi, mwindaji bingwa mzuri huwazidi wateja wake wengi kwa mbali sana. Anajua lini mnyama amekaa ubavu, anajua kuweka fimbo za miguu mitatu mahali panapofaa, na anajua kumwambia mgeni asubiri.

Tatizo liko kwenye fedha. Mgeni amelipa pesa nyingi sana, siku zake zinahesabika, na siku ya mwisho simba au nyati anaonekana amekaa vibaya, mbali, jua likizama. Mwindaji bingwa anayesema hapana anahatarisha bahashishi, jina la kampuni na mteja wa mwaka kesho. Anayesema piga anahamisha hatari hiyo kwenda kwa mnyama. Kuwapo kwa kiongozi mwenye leseni hakukumwokoa simba Cecil wa Zimbabwe mwaka 2015, ambaye alijeruhiwa kwa mshale na kuuawa baada ya saa nyingi. Dunia ilibishana kuhusu uhalali wa kibali. Saa zile alizokaa na mshale mwilini zilizungumzwa kwa hasira, lakini swali la mpigaji alipaswa kuwa amethibitisha nini kabla ya kuachia upinde lilipotea.

Na hatari huhamia kwa mtu mwingine pia. Nyati akiingia kichakani na risasi tumboni, anayetangulia mbele ameinama, macho chini yakitafuta tone la damu juu ya jani, ni msoma nyayo. Ni kijana au mzee wa kijiji cha jirani na kitalu, analipwa sehemu ndogo sana ya kile mgeni alicholipa, na mara nyingi hana bunduki. Nyuma yake yuko mwindaji bingwa. Mgeni aliyekosea mara nyingine huombwa abaki nyuma kwa usalama wake. Mtu aliyekataa kutumia siku chache za mazoezi nyumbani kwao amemkabidhi msoma nyayo huyo bili yake. Kila anayezungumzia wajibu wa mwindaji kana kwamba ni kati yake na mnyama tu anamsahau msoma nyayo, na kumsahau ni dhuluma.

Wanaosema tuache kabisa

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Uganda ilifuata mwaka 1979, kisha ikaurudisha kwa majaribio mwaka 2001 katika eneo la Ziwa Mburo. Watetezi wa marufuku wana hoja ambayo wawindaji hupenda kuikwepa: hata mpigaji bora hukosea. Hakuna mtihani unaofikisha majeraha kwenye sifuri, na njia pekee ya kuhakikisha hakuna swala anayejeruhiwa na mwindaji mwenye leseni ni kutotoa leseni. Hoja hiyo ni ya kweli na anayewinda anapaswa kuishi nayo.

Hata hivyo marufuku haiondoi haja ya shabaha. Kenya yenyewe ina askari wanaolazimika kumpiga tembo au nyati aliyeua watu kijijini, na mnyama huyo naye anastahili risasi moja iliyopigwa vizuri. Marufuku pia haikumaliza mitego ya nyaya. Mtu anaweza kupendelea njia ya Kenya kwa sababu nyingi nzuri, lakini haitujibu swali letu kwa nchi ambazo uwindaji unaendelea. Kuwaambia hao wasubiri hadi uwindaji ukomeshwe ni kuwaacha wanyama wa misimu yote ya katikati bila ulinzi.

Nani aamue, na kwa kipimo gani

Ukiziweka hoja hizi kwenye mizani, ya chombo ndiyo nyepesi kuliko zote. Chombo ni msaada na hakiwezi kuwa dhamana. Ya mwindaji bingwa ni nzito, lakini inafanya kazi pale tu anapokuwa na uhuru wa kusema hapana. Ya marufuku inajibu swali lingine. Zinabaki mbili, dhamiri na mtihani, ambazo wengi wanazigonganisha bila sababu. Denmark inaonyesha kwamba kipimo cha nje ndicho kinachoiamsha dhamiri, kwa kuwa humwonyesha mtu kile ambacho kumbukumbu yake inamficha.

Kwa hiyo ninaunga mkono kipimo cha lazima cha kila mwaka kwa kila anayeomba leseni ya uwindaji wa wenyeji, na kwa kila mgeni kabla ya siku ya kwanza ya kuwinda. Kipimo kifanywe kwa bunduki ileile itakayokwenda porini na kwa mikao ya porini, yaani kusimama na fimbo, kupiga goti, kuketi, siyo juu ya meza na mfuko wa mchanga. Matokeo yasiishie kwenye kupita au kushindwa. Yaandikwe kwa mita. Aliyeweka risasi zake zote ndani ya duara la sentimita 15 kwa mita 80, akashindwa kwa mita 120, leseni yake isomeke mita 80. Karatasi iliyotobolewa iwekwe kwenye jalada lake pamoja na saini za watu wawili. Karatasi yenye matundu ni vigumu zaidi kuighushi kuliko muhuri, ingawa sitadai kwamba haiwezekani.

Gharama zinaweza kupunguzwa. TAWA inaweza kukubaliana na majeshi ili viwanja vyao vifunguliwe kwa raia siku chache katika kila kanda, Mei na Juni, kabla msimu haujaanza Julai. Mazoezi mengi hayahitaji risasi kubwa: bunduki ya .22 hufundisha pumzi na kidole kwa bei ndogo, na kufyatua bunduki tupu iliyokaguliwa kwa uangalifu hufundisha utulivu bila gharama yoyote. Kwa vijiji vilivyo ndani ya Jumuiya za Hifadhi za Wanyamapori, ni afadhali mgawo wa nyama upigwe na askari wa kijiji mmoja au wawili waliopimwa, wenye bunduki nzuri, kuliko kila nyumba kutoka na gobole lake.

Kwa uwindaji wa kitalii, mkataba utamke kwamba mwindaji bingwa akikataa risasi, mteja hana dai la fedha dhidi ya kampuni wala dhidi yake. Na msoma nyayo awe na bima inayolingana na hatari anayotangulizwa mbele yake. Kwa wenyeji, mnyama aliyejeruhiwa akapotea ahesabiwe kwenye leseni kama aliyeuawa, bila kujali kama kuna aliyeona.

Kanuni zikichukua miaka kuandikwa, mwindaji hahitaji kuzisubiri. Wewe uliye na leseni mfukoni, nenda uwanjani kabla ya msimu. Tembea haraka hadi uheme, simama namna utakavyosimama porini, piga risasi tano, kisha pima duara lako kwa rula mbele ya mtu mwingine. Umbali ambao duara limekushinda, usimpige mnyama hapo, hata akiwa wa siku ya mwisho.